Mashine Moja ya Sikio, Viziba Viwili

Kabla hamjamtazama mtu sikio, mtazameni vidole. Nalisema hili mapema kwa sababu nyie vijana mnaoingia kazini sasa mna kompyuta zinazochora usikivu wa mtu kwenye kioo, na mkishauona ule mchoro mnadhani kazi imekwisha. Mimi nimeshughulika na masikio ya watu hapa Moshi miaka mingi. Nilianza nikiwa nesi, nikastaafu nikiitwa Mama Sikio hata na wauza ndizi wa sokoni. Na mengi ninayoyajua nilifundishwa na mtu ambaye hakuwa daktari wala nesi. Alikuwa fundi redio.

Jina lake Zakaria. Alikuwa na kibanda Njoro, akitengeneza redio na pasi, mpaka kitengo chetu kilipoletewa mashine za sikio za msaada na kukosa mtu wa kuzifungua zikiharibika. Wakamwita kwa wiki moja, akakaa mpaka mvi. Siku ya kwanza aliniambia, "Anjela, usiogope hivi vidude. Ni redio tu, ila inashika stesheni moja, na stesheni yenyewe ni watu wa nyumbani kwako."

Siku hizo tulikuwa na aina tatu. Ya kwanza tuliiita boksi: kisanduku kama pakiti ya sigara, unakivaa kifuani, waya unapanda hadi kwenye kitufe kinachokaa sikioni. Ya pili ilikaa nyuma ya sikio kama punje ya haragwe, na kijibomba laini kikipeleka sauti ndani. Ya tatu ilikuwa ndogo kabisa, yote inazama ndani ya sikio, na hiyo iliagizwa Nairobi. Kila aliyeingia mlangoni aliitaka ya tatu, hata kabla hajaketi.

Halafu kuna kiziba. Hicho ndicho kipande cha plastiki kinachochongwa kwa umbo la sikio la mtu mmoja, kikashikilia sauti isivuje. Kukipata, unatanguliza pamba yenye uzi, kisha unalijaza sikio donge laini kama unga wa chapati, unamwambia mtu afungue na kufunga mdomo kama anayetafuna, unangoja likauke. Ni kazi ya mikono, na mikono hukosea. Niliwahi kumpa mfanyakazi mmoja wa mashamba ya miwa kiziba cha kulia nikamwambia akivae kushoto. Alirudi baada ya wiki mbili, sikio jekundu kama nyanya, ananishukuru. Nikamwuliza, "Sasa baba, kwa nini hukurudi siku ile ile?" Akasema, "Nesi, nilidhani kusikia ndivyo kunavyouma." Zakaria alicheka akatoka nje. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Lakini kosa langu kubwa si hilo. Kosa langu kubwa lilimhusu Mzee Aloyce wa Uru na mkewe, Mama Beda, nami nitalisimulia lote ili msije mkalirudia.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, mitumba imejaa Moshi nzima, redio mpya zinaanzishwa kila kukicha, na kahawa imeshuka bei hadi watu wengine wanang'oa mibuni. Mzee Aloyce hakung'oa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vinene vilivyopasuka kwa kazi ya kihamba, lile shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Nilikuwa nimempa boksi, maana usikivu wake ulikuwa umepungua sana. Siku moja akaja na mkewe, mama mfupi mchangamfu, kilemba cha kitenge kichwani. Boksi lilikuwa kifuani pa mke.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu," Mama Beda akajibu peke yake. Mzee alitabasamu tu. "Nimekuja unitengenezee na mimi kiziba. Hiki cha mwenzangu kinanipwaya, kinapiga mluzi."

Nilikasirika kidogo. Nikamwambia mashine ya sikio si kijiko cha kuazimana, na kwamba yeye mwenyewe hajapimwa. Mama akanisikiliza hadi mwisho, akamgeukia mumewe, akavua boksi, akachomoa kiziba, akalitundika shingoni pa mzee. Mzee akakivaa, akazungusha gurudumu la sauti kwa kidole gumba, akanitazama.

"Amesemaje?" akamwuliza mkewe.

"Amekataa!" mkewe akasema kwa nguvu.

Mzee akafikiri. "Mwambie mimi nasikia taarifa ya habari asubuhi na mkutano wa ushirika. Yeye ana jumuiya, ana kanisa, ana wajukuu. Masikio yanatutosha."

Kisha boksi likarudi kwa mama, nami nikapata nafasi ya kujibu. Hivyo ndivyo walivyoishi. Wote wawili walikuwa viziwi, na mashine ilikuwa moja. Mmoja akitaka kumwambia mwenzake neno, anamvika kwanza boksi, anasema, halafu anarudishiwa ili asikie jibu. Mazungumzo ya kuamua wapike kiburu au mtori yaliweza kula robo saa.

Nilimpima mama, nikakuta naye anahitaji msaada kama mumewe. Zakaria alikuwa mlangoni, akasema, "Anjela, boksi ndilo pekee linaloweza hivyo. Kitufe kile kinabanwa kwenye kiziba chochote, cha sikio lolote. Watengenezee viziba viwili, wabadilishane." Basi nikamtengenezea mama chake. Nikafunga uzi mwekundu kwenye cha mama na wa buluu kwenye cha mzee, wasichanganye. Wakaondoka wameshikana mikono, boksi kifuani pa mama, na nyuzi mbili zikining'inia.

Miezi michache baadaye akaja mtoto wao wa kwanza, Beda. Alikuwa akipitisha bidhaa mpakani Holili, mambo yamemnyookea, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alikuwa kijana mwenye mapenzi na wazazi wake, hilo sikulitilia shaka hata siku moja.

"Dada," akasema, "baba yangu akienda kanisani na lile sanduku kifuani, watu wanamtazama yeye badala ya padri. Nataka ile inayozama ndani. Asionekane kama kiziwi. Boksi abaki nalo mama."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilijua mzee ana vidole vinene. Nilijua usikivu wake umepungua kupita uwezo wa kile kidude kidogo. Lakini ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya kuchukua umbo la sikio kwa ajili ya zile ndogo, na mikono yangu ilikuwa inawasha. Nilitaka niwe wa kwanza Moshi kuitengeneza ikakaa vizuri. Zakaria akaniuliza, "Mzee mwenyewe anasemaje?" Nikajibu, "Mwanawe amesema." Zakaria akanyamaza. Akinyamaza Zakaria ujue umekosea, lakini mimi nilikuwa na haraka ya kuchanganya donge langu.

Mashine ikatoka Nairobi, ndogo kama punje ya kahawa. Ilikaa ndani ya sikio la mzee vizuri ajabu. Beda alifurahi, akampiga baba yake begani, akasema kwa sauti kubwa, "Baba, unanisikia?" Mzee akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nami nikaandika kwenye faili: ameridhika.

Ilipita kama miezi miwili. Asubuhi moja Mama Beda akaja peke yake, boksi kifuani, akaketi, akalia.

"Nesi, mzee amenichoka."

"Amekufanya nini, Mama?"

"Hanifanyi kitu. Ndiyo maana nasema amenichoka. Sasa kila mmoja ana mashine yake, nikadhani tutaongea kama watu. Namwambia neno, anatabasamu. Namwuliza, anatikisa kichwa. Juzi nilimwambia nimemwota marehemu mama yangu, nimeamka moyo mzito. Akacheka, nesi. Akacheka, akaenda kukata majani ya ng'ombe." Akafuta uso kwa upindo wa kitenge. "Zamani tulikuwa na masikio ya kuazimana, lakini alikuwa ananisikiliza."

Nilikwisha kuelewa. Nikamwomba Zakaria anishikie ofisi, nikapanda Uru na Mama Beda siku ile ile.

Tulimkuta Mzee Aloyce kibarazani kwake, ametupa mgongo, anamenya mahindi ya mbegu. Nikasimama nyuma yake, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo, Mzee." Kimya. Nikapaza sauti. Kimya. Mbwa peke yake ndiye aliyegeuka. Nilipomgusa bega mzee akashtuka, akasimama, akanipa tabasamu lile lile la kutikisa kichwa. Nikachungulia sikioni. Hamna kitu.

Nikamwomba Mama Beda boksi. Nikachomoa kiziba chenye uzi mwekundu, mzee akakitoa cha buluu mfukoni mwa shati, amekifunga vizuri kwenye leso. Kumbe alikuwa anakitunza. Nikambania, akakivaa.

"Mzee, mashine ya Nairobi iko wapi?"

Akatazama chini. Akaingia ndani, akarudi na kiberiti. Ndani ya kiberiti, juu ya pamba, mashine ilikuwa imelala, safi kabisa.

"Betri yake ni kama punje ya dengu," akasema. "Nikiishika inaanguka, nikiitafuta siioni. Nikivaa kofia juu yake inapiga mluzi, na mbwa akisikia mluzi anakuja mbio. Nikilaza kichwa, mluzi, mbwa huyu hapa. Alikonda kwa kukimbia bure." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Na hata ikinyamaza, nesi, nasikia kama mtu anaongea ndani ya pipa."

"Kwa nini hukusema?"

"Beda amewaambia watu wote mpaka Holili. Nimwambie nini mtoto aliyenitendea wema? Na boksi ni furaha ya mama yake. Nimnyang'anye?"

Mama Beda alikuwa amesimama pembeni, hasikii lolote, anatutazama midomo. Nikaanza kumvua mzee boksi ili nimwelezee mama. Mzee akanizuia mkono.

"Mpe," akasema, "lakini nitamwambia mwenyewe."

Nikabana kiziba chekundu, nikamvika Mama Beda. Mzee akamsogelea hadi karibu kabisa, akainama kidogo, kwa kuwa alikuwa mrefu.

"Mama Beda. Sijakuchoka. Sisikii. Tangu siku ile sisikii neno lako hata moja, naogopa kusema. Unasema, natazama uso wako, nabahatisha."

Mama akauliza, "Hata ile ndoto?"

Bila shaka mzee hakumsikia. Alitabasamu na kutikisa kichwa, kwa mazoea. Mama akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, akampiga ngumi nyepesi kifuani, akavua boksi, akabadilisha viziba mwenyewe kwa vidole vyake vyepesi, akamvika, akamsimulia ndoto yote tangu mwanzo kwa Kichagga, na mzee akaisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikwenda kuwatazama mbuzi.

Nilipoona wametulia, nikaenda kwenye ua, nikachuma jani la sale. Wachagga mnajua, wengine niwaambie: ni mmea tunaopanda mpakani mwa kihamba, na ukimpelekea mtu jani lake kuomba msamaha, si rahisi akukatalie. Nikampa mzee kwa mikono miwili.

"Kosa si la Beda. Ni langu. Nilisikiliza wote waliokuwemo chumbani isipokuwa wewe."

Mzee akaligeuza jani, akatazama ua wake, akanitazama. "Nesi, umeniomba msamaha kwa sale yangu mwenyewe?"

Alimweleza mkewe mzaha ule, na ikabidi tungoje boksi livaliwe upya ndipo mama naye acheke.

Wiki iliyofuata nikawaita wote mjini, na Beda. Safari hii nilifanya kama Zakaria alivyonifundisha tangu mwanzo, kabla sijajifanya najua zaidi. Nilitandika kitambaa mezani, nikaweka zile aina tatu, sikusema neno juu ya uzuri wa yoyote. Nikawaambia wazishike. Wazivae bila kioo. Watoe betri, warudishe. Mama ainame kama anayekata majani, mzee avae kofia yake.

Beda alikuwa ameshaambiwa habari ya kiberiti, na uso wake ulikuwa umeanguka. Hata hivyo alikuwa na uhakika wazazi wote wawili wataikimbilia ile ya nyuma ya sikio, kwa kuwa ndiyo mpya iliyobaki. Mama aliichukua kweli. Akasema boksi likiwa kifuani linasugua nguo, kwaru kwaru siku nzima, akiinama linamgonga kidevu, na mjukuu wake mdogo anadhani waya ni wa kuvuta. Aliivua na kuivaa ile ya nyuma ya sikio mara tatu, kila mara chapuchapu kuliko mimi.

Mzee alizishika zote kwa zamu, taratibu, kama anayechagua mche. Kisha akalichukua boksi lake kuukuu.

"Baba!" Beda akasema. "Hilo hilo tena? Watu watakuona."

Mzee akazungusha sauti, akamwelekezea boksi mwanawe ili amsikie sawasawa. "Sema tena."

"Nasema watu watakuona, Baba."

"Wanione. Nisipovaa kitu, mtu ananiuliza jambo, najibu jingine, anadhani mimi ni mjinga. Nikivaa hiki anajua ni kiziwi, anasogea, anasema polepole. Kati ya mjinga na kiziwi, mwanangu, mimi nimechagua kiziwi. Na betri zake zinauzwa duka lolote la Uru, pamoja na chumvi."

Beda akachukua kile kitufe cha waya, akakifuta kwa leso yake nzuri, akamsaidia kukivaa. "Basi angalau tukushonee mfuko mzuri wa juu ya shati," akasema. "Lisisugue nguo." Na mfuko ulishonwa, wa kitambaa cha suti, wenye kifungo. Ile ndogo ya Nairobi niliibakiza ofisini, nikawa nawaonyesha wanafunzi jinsi kitu kizuri kinavyoweza kuwa kibaya.

Siku ya kumfunga Mama Beda mashine yake mpya ilikuwa siku ya mawingu mazito. Nikampa maagizo ninayowapa wote: aanze nayo saa chache kwa siku, usiku aitoe, aifunge kwenye kitambaa ndani ya kopo la mchele mkavu, maana jasho ndilo adui. Mimi nilipenda mchele wa Chekereni kwa kazi hiyo. Zakaria alisema nautetea kwa sababu mume wangu ni wa huko. Nikawasha mashine. Mama akaguna, akatazama huku na huku, akasikia kiti chake, akasikia kalamu yangu.

Mzee Aloyce, kwa mazoea, alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea boksi, kisha akakumbuka liko kifuani kwake. Wakatazamana. Walikuwa kama watu waliotambulishwa sasa hivi.

"Unanisikia?" mama akauliza.

"Nakusikia. Wewe unanisikia?"

"Nakusikia."

Beda alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo, anajifanya anatazama magari.

Ndipo mvua ikaanza. Kwanza matone machache kwenye bati, moja huku, moja kule, kisha ikamwagika yote kwa pamoja, na wazee wale wawili wakainua vichwa kwa wakati mmoja kutazama dari. Hakuna aliyelazimika kumwambia mwenzake. Mama akashika mkono wa mzee, midomo wazi, wakakaa hivyo wakiisikiliza kama watu waliotembelewa na mgeni wa heshima.

Kisha macho ya Mama Beda yakapanuka. Na ya mzee pia.

"Maharage!" wakapiga kelele pamoja.

Walikuwa wameyaanika uani asubuhi, gunia zima. Wakasimama, huyu anamwambia yule ni wewe uliyesema hakutanyesha, yule anajibu katikati ya maneno ya huyu, hakuna anayengoja zamu, Beda anakimbia mbele kuwasha gari, nami nabaki nimeshika faili. "Aika, mwanangu, aika!" mama akanishukuru akiwa tayari koridoni. Niliwasikia mpaka nje ya lango, wanabishana kuhusu maharage ndani ya mvua ile, wote wawili kwa wakati mmoja.